Dawa Waliyokunywa Ndama

Mwanangu Jerida,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini mimi na wewe tumekunywa uji wa sufuria moja leo asubuhi, na kwa jinsi ulivyonung'unika kwamba sukari ni kidogo, najua u mzima wa afya. Basi tuyaruke hayo. Karatasi hizi nimezikunja ndani ya kiatu chako cha kushoto. Ningezitia kwenye sanduku ungezisoma ukiwa umeshafika, nami nataka uzisome kabla hujatoka mlangoni kesho. Nakujua wewe. Unaweza kuondoka bila sweta, bila kusali, hata bila kuniaga vizuri, lakini bila viatu vile vipya huendi popote.

Sasa hivi uko kanisani unawaaga wenzako wa kwaya. Baba yako bado yuko kwenye shedi ya treni anapangusa injini zao, na wadogo zako wamekwenda kuokota makaa. Mvua imewatawanya wanawake wote pale mferejini, na chumba ni changu peke yangu, jambo ambalo halijatokea tangu tuhamie hizi nyumba za reli. Nimeona nisiupoteze wakati huu kwa kufua.

Sitakuandikia habari ya kujifunika vizuri wala ya wavulana wa kwenye treni. Hayo shangazi yako amekwambia yote, na mengine ameyarudia mpaka nikamwonea huruma mwenyewe. Wala sitakufundisha kazi ya uuguzi, maana siijui. Nataka kusema juu ya Mama Nekesa, na juu ya ndugu yako Elisha. Kwako wewe hao ni watu wawili wasiohusiana. Kwangu wamekuwa habari moja tangu wiki iliyopita, na sijalala vizuri.

Unakumbuka ulivyomwambia Mama Nekesa pale mferejini? Alikuwa amembeba Wafula mgongoni, debe lake mkononi, akingoja. Wewe ulikuwa umeshapata barua ya kukubaliwa hospitalini na ulikuwa unatembea kama mtu aliyekwisha vaa ile kofia nyeupe. Ukasema, tena kwa sauti, "Mama Nekesa, hata macho ya mtoto huoshi? Nzi wanamkula na wewe unaangalia tu. Si maji ndiyo haya hapa? Hii ni uvivu tu, mama, si ugonjwa."

Wanawake walicheka. Mama Nekesa naye akacheka, akainamisha kichwa, akachukua debe lake likiwa bado tupu akaenda. Wewe ukarudi nyumbani umefurahi, ukaniambia, "Mama, hawa watu lazima waambiwe ukweli." Nilinyamaza, ukadhani nimekubali. Nilinyamaza kwa sababu sauti ile niliijua. Niliwahi kuisikia kinywani mwa mtu mwingine, ikielekezwa kwangu, na sikutegemea hata kidogo kuisikia tena ikitoka kinywani mwa mtoto niliyemzaa.

Tangu siku hiyo Mama Nekesa huja mferejini sisi wote tukiwa tumeshaingia ndani. Jumamosi nilimpelekea uji. Akasimama mlangoni, akaufunga mlango kwa mgongo wake. Nikamuuliza, "Wafula yuko aje?" Akasema, "Amelala." Nilikuwa namsikia mtoto akilalamika huko ndani, kale kasauti kadogo kasikokuwa na nguvu ya kulia. Nikampa uji, nikarudi. Neno hilo "amelala" nalijua vizuri mno, Jerida. Nililitumia mimi mwenyewe mpaka likaisha.

Nilikwambia siku zote kwamba Elisha alikufa kwa surua. Ni rahisi kusema surua. Mtu akisema surua watu husema pole, wala hawaulizi zaidi. Lakini Elisha hakuwa na surua.

Ulikuwa mdogo wakati tunakaa shambani kule mbele ya Njoro. Najua unakumbuka mbwa wa Bwana mwenye shamba na ile mikalitusi iliyopandwa mstari mmoja kuzuia upepo, maana husimulia hayo tu. Baba yako alikuwa mkamuaji. Alikuwa akiamka kukiwa giza, na baada ya kukamua maziwa yalikwenda kwenye chumba cha mashine. Mashine ile ilitoa krimu upande mmoja na maziwa yaliyobaki upande wa pili. Krimu ilitiwa kwenye makopo makubwa ikapelekwa steshoni. Maziwa yaliyobaki walipewa ndama, na ndama wakishiba, nguruwe. Sisi watu wa kambi tulipimiwa posho, yaani unga wa mahindi, na chumvi, na maharagwe yakiwapo. Baba yako alikuwa akirudi nyumbani mikono inanukia maziwa, anakaa anakula ugali na mboga chungu. Ungemnusa mikono yake ungedhani sisi ni matajiri wa ng'ombe.

Mimi nilikuwa nachuma pareto. Tulitoka asubuhi na vikapu, tukarudi jua likishuka, na Elisha nilikuachia wewe. Mtoto kulea mtoto. Ulikuwa unamtafunia ugali kidogo unamtia mdomoni, na siku moja nilikukuta umemfunga mgongoni kwa kamba kwa sababu leso ilikuwa imechanika. Sikukulaumu hata siku moja na wewe usijilaumu leo. Ulifanya kazi ya mtu mzima.

Nilimwachisha kunyonya mapema kwa sababu nilikuwa nimeshika mimba ya Rasoa. Baada ya miezi michache nywele za Elisha zikaanza kuwa nyekundu kama ndevu za mahindi. Uso ukavimba, watu wakasema, "Ona mtoto alivyonenepa." Kisha miguu. Kisha akaacha kucheza. Alikuwa anakaa pale ulipomweka mpaka urudi kumtoa.

Watu wetu walikuwa na jibu tayari, kama kawaida yao. Walisema nimemruka mtoto, nimeshika mimba yeye akiwa bado mchanga, na yule wa tumboni anamwonea wivu aliye nje na kumharibu. Shangazi yako akaitwa kutoka nyumbani akaja na majani yake, akamwogesha asubuhi na jioni, na mimi nikakatazwa kumbeba wala kulala naye. Fikiria, mtoto ni mgonjwa na mama yake amekatazwa kumshika. Nami nilikubali, Jerida. Niliamini kabisa kwamba ni mimi. Baba yako hakusema neno la kunilaumu, lakini alianza kula akiwa amenipa mgongo, na hilo lilinitosha.

Majani yaliposhindwa tukaja hapa Nakuru. Tulipanda treni pamoja na makopo ya krimu, mimi na Elisha na tumbo langu. Hospitalini tulipanga foleni mpaka miguu ikafa ganzi, benchi likiwa limejaa. Nesi aliyetupokea alikuwa msichana wa watu, msafi, kofia imesimama. Akabonyeza mguu wa Elisha kwa kidole, kile kishimo kikabaki. Akaniangalia.

"Nyinyi watu wa mashamba mko namna gani? Unapea mtoto nini?"

"Ugali, sista."

"Ugali na nini?"

"Na mboga."

"Kila siku ugali, ugali! Mtoto si kuku. Anataka maziwa, anataka mayai, anataka nyama. Huna akili? Mnazaa tu, kulea hamjui."

Alisema hayo mbele ya benchi zima. Wanawake wale walikuwa wa mashamba kama mimi, wamekuja na watoto kama wangu, na wakacheka. Nimeshajiuliza mara nyingi kwa nini walicheka. Nadhani walishukuru kwamba si zamu yao. Nami nikasema, "Ndiyo, sista," nikacheka pia.

Sasa sikiliza jambo lililonifanya niandike barua hii yote. Elisha alilazwa, akaanza kupewa dawa. Ilikuwa nyeupe, kwenye kikombe cha bati, mara nyingi kwa siku, kidogo kidogo. Siku ya kwanza aliitema. Siku zilizofuata akaanza kukishika kikombe mwenyewe. Uvimbe ukatoka, ngozi ikaanza kung'aa, na asubuhi moja akanivuta kitambaa kichwani akacheka. Nilitaka kuijua dawa hiyo. Kikombe kilipoachwa kitandani nikakiinua nikakinusa, na harufu niliyoipata ilikuwa ya mikono ya baba yako.

Nikamuuliza nesi, "Sista, hii ni maziwa yenye imetolewa krimu?"

Akashtuka kidogo. "Nani amekwambia? Ndiyo, ni ya unga, tunakoroga na maji. Hii ndiyo dawa kubwa ya ugonjwa huu, mama. Hakuna ingine."

Nilikaa kitandani nikacheka mpaka mama wa kitanda cha pili akaniuliza kama nina homa. Dawa kubwa ya mwanangu ilikuwa ikimwagwa kila asubuhi kwenye hori la ndama, hatua chache kutoka mlangoni kwangu, na baba yake ndiye aliyekuwa akiimwaga.

Siku ya kuruhusiwa nesi alimfurahia Elisha, akamrusha juu akamdaka. Usifikiri alikuwa mtu mbaya. Alikuwa peke yake kwenye wodi ile nzima, na jioni nilimwona amevua viatu nyuma ya mlango, miguu yake imevimba kupita ya wagonjwa. Mambo aliyoniambia kuhusu maziwa na mayai yalikuwa kweli. Alikuwa amefundishwa vizuri habari ya mtoto, ila shamba letu hakulijua. Akanipa mtoto, akasema, "Haya mama, nimekutengenezea. Ukimrudisha tena namna ile, nitajua ni wewe."

Nikarudi na Elisha mzima mahali pale pale alipougulia.

Nilimweleza baba yako habari ya kikombe. Alicheka kama mimi, kisha akaacha kucheka. Kesho yake akamwendea mnyapara, mnyapara akamwendea Bwana, kuomba mkebe mmoja tu wa maziwa ya ndama kwa siku. Jibu likarudi kwamba akimpa mmoja, kambi yote itapanga foleni, na ndama watakunywa nini? Bwana yule si kwamba alituchukia. Krismasi alimpa baba yako koti lake kuukuu, na ndilo analovaa mpaka leo. Lakini ndama walikuwa wake, na sisi tulikuwa watu wa kupimiwa posho, hesabu yake iliishia hapo. Baba yako angeweza kukinga mkebe kwa siri. Mwenzake mmoja alijaribu, akafukuzwa siku hiyo hiyo na mke wake na vyungu vyao, nasi tukaogopa.

Aliyetusaidia alikuwa Nyina wa Kamau, ndivyo kwao wanavyosema Mama Kamau. Huyu unaweza kumkumbuka, yule mama Mkikuyu aliyekuwa na kibanda ukingoni mwa msitu, na mbuzi, na ng'ombe mmoja mweusi aliyeruhusiwa kukaa naye shambani. Lugha yake siijui na yangu haijui, tulikutana katika Kiswahili tukakivunja vizuri. Alimwona Elisha, akauliza, nikamweleza. Akasema, "Wewe kuja hapa kila asubuhi na kikombe. Mtoto hapana ya mtu moja." Hivyo tu. Mimi nilimletea kuni nikitoka kwenye pareto, na Elisha akanywa kikombe chake. Msimu ule alikimbiza kuku. Alijifunza kulitamka jina lako, akakuita Jeida, nawe ukakasirika. Kwa msimu mmoja nilikuwa mama mzuri, na watu wa kambi wakasema majani ya shangazi yalichelewa tu kufanya kazi.

Kisha serikali ikatangaza hali ya hatari, na wewe unajua mambo yale yalivyokuwa. Asubuhi moja nilikwenda na kikombe changu nikakuta malori. Wakikuyu wote wa shamba walikuwa wakipakiwa, wazee kwa watoto, na askari wanapiga kelele. Nyina wa Kamau alikuwa juu ya lori amekumbatia furushi. Aliniona. Hakupunga mkono, aliniangalia tu, na mimi nimesimama pale na kikombe kitupu. Mbuzi walibaki wakilia siku nzima. Siku ya pili hawakuwapo, na sijui waliliwa na nani. Wala sijawahi kujua yule mama alipelekwa wapi, ingawa kila nikikutana na Mkikuyu wa makamo sokoni humtazama usoni.

Sitarefusha. Miguu ya Elisha ikaanza tena. Nilibonyeza kwa kidole kama nilivyomwona nesi akifanya, kishimo kikabaki. Kwa hiyo nilijua. Ugonjwa niliujua, dawa niliijua, njia ya hospitali niliijua. Sikwenda.

Sikwenda kwa sababu ya maneno yale, "nitajua ni wewe." Nilijiona nimesimama tena mbele ya lile benchi. Nikajiambia nitampa maharagwe zaidi, nitamtafutia yai, atapona mwenyewe bila mtu kujua. Mke wa mchungaji alikuja kututembelea, nikamfunika Elisha shuka mpaka kidevuni. Akauliza mtoto yuko aje. Nikasema, "Amelala." Mnyapara akauliza, amelala. Baba yako alipoleta habari ya hospitali nilimwambia ni mafua tu, tusubiri. Nilimdanganya mume wangu ili nisikaripiwe na msichana mdogo kuliko mimi.

Mwisho baba yako alifunua shuka mwenyewe. Hakunigombeza. Alimchukua Elisha akamfunga ndani ya lile koti la Bwana tukakimbia steshoni. Njoro na Nakuru si mbali. Hakufika. Nilihisi alipokwenda, maana alikuwa kifuani kwangu, na treni ilikuwa imejaa watu. Mama mmoja aliyekaa mbele yetu akaniuliza kwa upole, "Mtoto ni mgonjwa?"

Nikamwambia, "Amelala."

Tuliposhuka Nakuru tulikaa pale pale tukangoja treni ya kuturudisha.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Methali hiyo nimesomewa na wengi, na ni kweli, kilinifichua. Ila sijasikia mtu akiuliza ni nani aliyemfundisha huyo mficha maradhi kuficha. Nimeshaitafuta sababu ya kifo cha Elisha kwa miaka, na kila nikishika moja nyingine inachomoza. Posho. Hori la ndama. Pareto iliyonitoa nyumbani asubuhi mpaka jioni. Malori. Majani ya shangazi yako. Nesi na ulimi wake. Na mimi na shuka langu. Nyingine sikuwa na uwezo nazo. Ile ya shuka ilikuwa yangu, na inaniuma.

Na ngoja nikwambie jambo lingine, maana najua unavyofikiri. Unaona wadogo zako wamekua, hakuna aliyekufa, hakuna aliyevimba, na mama wa kanisa wananisifu kwamba najua kulea. Mimi husema asante nikaguna moyoni. Sikuongeza akili, Jerida. Ni mama yule yule, mkono ule ule, ugali ule ule. Baba yako alipata kazi ya reli. Tukapata chumba, maharagwe yakawa ya kila wiki, muuza maziwa akawa anapita mlangoni na baiskeli, na zahanati ya reli iko hapo ng'ambo ya uwanja, ukikohoa tu unakwenda. Mimi ningezaliwa mjinga kuliko nilivyo, watoto hawa wangekua tu.

Sasa mtazame Mama Nekesa. Mume wake ni kibarua wa siku moja moja, si mtu wa reli. Hawana chumba, wanalala nyuma ya pazia kwenye chumba cha binamu yao, na mkaguzi akija wanatoka na vitu vyao kana kwamba ni wageni. Zahanati ya reli haimtibu Wafula. Mfereji uko mbele yake, ndiyo, ulisema kweli kwamba maji ndiyo haya. Lakini wenye nyumba huchota kwanza, naye hungoja, na mara nyingi mfereji hufungwa kabla zamu yake haijafika. Asubuhi hutoka kwenda kufua nguo za watu mjini, na sabuni anayoishika ni ya watu hao. Wafula hubaki na Nekesa, ambaye ni mkubwa kidogo tu kuliko ulivyokuwa wewe ukimbeba Elisha kwa kamba. Hayo yote hukuyajua, na hukuuliza. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na wewe, mwanangu, nimekushibisha.

Sikuandikii ili uone aibu ukakaa nayo. Aibu haijawahi kumponya mtu, mimi ni shahidi. Nenda kajifunze kila kitu watakachokufundisha huko, mpaka vitu vya kuosha mikono unavyonisumbua navyo. Nafurahi kwamba unakwenda, nafurahi mpaka naogopa. Nilikwenda kuwaambia wanawake wote wa mfereji kabla hujaniambia nisiwaambie. Ila siku moja atakuja mama amechelewa, na mtoto amevimba, na wewe utakuwa umechoka, viatu vinakubana, na maneno yatakuja yenyewe mdomoni. Mpe kiti kwanza. Kisha muulize anatoka wapi na akirudi atarudi kwenye nini. Usiulize kama askari. Uliza kama Nyina wa Kamau alivyoniuliza mimi.

Kesho treni itapita Njoro. Ukiiona ile mikalitusi mstari mmoja upande wa msitu, ndugu yako yuko chini yake, au alikuwa chini yake. Nasikia wamelima ngano mpaka mizizini. Usilie mbele za watu. Au lia, ni shauri lako, mimi sitakuwapo.

Lakini Njoro ni mbele, na barua hii nimeitia kwenye kiatu kwa sababu ya mahali palipo karibu zaidi. Jana nilipita kwa Mama Nekesa, mlango ulikuwa wazi kidogo, na shuka lilikuwa limeteleza. Niliona miguu ya Wafula. Nilimwomba Mama Nekesa twende pamoja hospitali ya mji, mimi nitambeba mtoto. Akanijibu kwa adabu sana, kama anavyojibiwa mama wa mtu aliyekutukana. Kwangu hatafungua, Jerida. Aliyeufunga mlango ule ni wewe, na sidhani kama mwingine anaweza kuufungua.

Ukimaliza kusoma, toka mara moja. Njia ya steshoni inapita mlangoni kwake. Usibebe kitu, usiseme neno lolote la hospitali, na hiyo kofia unayoivaa bila kuwa nayo ivue. Piga hodi, mwambie umekuja kuaga, mwombe msamaha kwa maneno yako mwenyewe. Mimi nitakuwa nimesimama nyuma ya ukuta na leso ya kumbebea mtoto. Treni ikikuacha, iende. Ya kesho kutwa pia ni treni.

Na akikwambia Wafula amelala, usiondoke. Keti umngoje aamke.

Mimi mama yako,
Rebeka